Kuomba Uzamili Ujerumani Ukiwa Tanzania au Kenya: Kuanzia Transkripti Hadi Viza

Aliyemaliza shahada ya kwanza Tanzania kwa GPA ya 3.5 anahesabiwa alama 2.5 Ujerumani. Kozi nyingi za uzamili zimeweka mpaka wao hapo hapo kwenye 2.5. Kwa hiyo kabla hujalipia IELTS, mtihani wa Kiingereza, kabla hujamtafuta profesa wa kukuandikia barua, fanya hesabu hii. Inachukua dakika mbili na inakuokolea ada za maombi yasiyo na matumaini.

Mwongozo huu ni wa shahada ya uzamili. Anayetaka kuanza shahada ya kwanza ana njia nyingine na ndefu zaidi: kozi nyingi za ngazi hiyo hufundishwa kwa Kijerumani, na kulingana na cheti chake cha sekondari huenda akatakiwa kupitia kwanza Studienkolleg, darasa la maandalizi la takriban mwaka mmoja.

Hesabu ya alama

Wajerumani wanahesabu kinyume na sisi: 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Kugeuza alama za nje wanatumia kanuni iitwayo ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wa chuo chako, toa alama uliyopata. Gawanya jibu kwa tofauti kati ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1.

Kwa Tanzania, ambako kilele ni 5.0 na kufaulu kunaanzia 2.0, tofauti ni 3, hivyo kugawanya na kuzidisha vinafutana. Toa tu GPA yako kwenye 6. Mwenye 4.4 anapata 1.6. Mwenye 3.5, ukingo wa chini wa daraja la pili la juu, anapata 2.5. Mwenye 2.7 anapata 3.3, na hapo milango mingi imeshafungwa, ingawa si yote.

Kwa Kenya hesabu ni chungu zaidi. Vyuo vinatoa asilimia, kufaulu ni 40, na daraja la kwanza linaanzia 70. Mkaguzi wa vyeti wa Ujerumani akichukua 100 kuwa kilele, mwanafunzi wa daraja la kwanza mwenye 70 anatoka na 2.5, na mwenye 65 anapata 2.75. Ndiyo maana ukurasa wa nyuma wa transkripti, ule wenye maelezo ya madaraja kwa maandishi madogo, una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Unaonyesha kwamba 70 ndiyo daraja la juu. Wanaoskani upande wa mbele tu wanamwachia mkaguzi akisie mfumo wao.

Kuchagua kozi

Mahali pa kuanzia ni kanzidata ya kozi za kimataifa kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, lenye pia ofisi ya kanda Nairobi. Chuja kwa lugha ya kufundishia, ngazi na ada. Ukishapata kozi, toka kwenye kanzidata uende kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, kwa sababu masharti yenye nguvu ni yale ya chuo. Soma mambo manne: alama ya chini, idadi ya ECTS (krediti za masomo za Ulaya) wanayodai kwa kila somo, tarehe ya mwisho kwa waombaji wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na njia ya kuombea.

ECTS ndiyo inayoangusha wengi wenye alama nzuri. Mwaka mmoja wa masomo ya kutwa Ulaya ni ECTS 60, na shahada ya miaka mitatu ni 180. Mfumo wa Tanzania unahesabu krediti 120 kwa mwaka, kwa hiyo krediti mbili zetu ni sawa na ECTS moja, na somo la krediti 12 ni ECTS 6. Tuseme kozi ya sayansi ya data inadai ECTS 20 za hisabati na takwimu. Mhitimu wa biashara aliyesoma hisabati muhula mmoja na takwimu miwili, kila somo krediti 12, ana ECTS 18. Amekosa kwa mbili, na GPA ya 4.6 haitamsaidia, kwa kuwa wengi wa wakaguzi hawana ruhusa ya kupindisha sharti hilo. Tengeneza jedwali: somo lako, krediti zake, ECTS zake, na sharti linalotimizwa. Vyuo vingine vinadai jedwali hilo pamoja na maelezo ya maudhui ya kila somo. Hayo omba idarani kwako mapema, maana kitabu cha mtaala wakati mwingine kipo kwenye kompyuta ya mtu mmoja tu, naye yuko likizo.

Kuhusu ada, sifa ya Ujerumani kuwa bure ni kweli kwa vyuo vingi vya umma, ila si vyote. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye miji kama Heidelberg, Stuttgart na Freiburg, linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kutoza muhula wa baridi wa 2024/25, na kwa uzamili kozi nyingi ni euro 4,000 au 6,000 kwa muhula. Kwingineko unalipa mchango wa muhula, kwa kawaida kati ya euro 100 na 350, na mara nyingi ndani yake kuna tiketi ya usafiri.

Sasa tarehe. Masomo huanza Oktoba au Aprili, na kozi nyingi za uzamili hupokea wapya Oktoba pekee. Tarehe inayotajwa sana ya kufunga ni 15 Julai, na ni mtego kwa anayeomba kutoka Afrika. Ukituma Julai, jibu laweza kuja mwishoni mwa Agosti, wakati viza peke yake inaweza kuchukua wiki 12. Chagua kozi zinazofunga kati ya Januari na Mei. Na usihesabu kuahirisha: kwa kawaida nafasi ya Ujerumani ni ya muhula ule ulioandikwa, ukiikosa unaomba upya.

Omba kozi sita au saba. Mbili ziwe ambazo alama yako inazidi sharti waziwazi, tatu zinazolingana nawe, na moja au mbili za kubahatisha.

Makaratasi, na yanapoharibikia

Kabla ya yote, tafuta chuo chako kwenye anabin, kanzidata ya Wajerumani ya vyuo vya dunia nzima. Iko kwa Kijerumani, lakini kinachohitajika ni kuchagua nchi na kusoma alama pembeni ya jina. H+ maana yake chuo kinatambuliwa. H- hakitambuliwi. H+/- inamaanisha inategemea, hapo waandikie chuo unachoomba kabla ya kulipa chochote.

Utahitaji cheti cha shahada, transkripti kamili, hati ya kusafiria, wasifu, barua ya kueleza nia, na ushahidi wa Kiingereza. Wanachosahau watu ni cheti cha sekondari. Mtu mwenye shahada anaona kidato cha sita ni habari za zamani, kumbe vyuo vingi vinataka ACSEE au KCSE kuonyesha uliingiaje chuo. Aliyepitia stashahada aweke na stashahada yake, la sivyo faili linaonekana lina tundu.

Wahitimu wa Tanzania wana shida ya kalenda. Masomo yanaisha katikati ya mwaka, mahafali ni Novemba au Desemba, na cheti huchelewa zaidi. Kozi nyingi zinakubali barua ya muda, ila iandikwe vizuri: itaje kwamba umekamilisha masharti yote ya shahada, tarehe ya kukamilisha, na GPA ya mwisho. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu haina msaada wowote.

Majina ndiyo ugonjwa wetu mkubwa. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo matatu, pasipoti imepanga kwa mtindo mwingine, na herufi moja imeruka: Mohamed huku, Mohammed kule. Fomu ya maombi ijazwe kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi. Kwa tofauti iliyopo, pata kwa wakili hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, iandikwe kwa Kiingereza, na iambatane na kila ombi. Tofauti ikiwa kubwa, kama jina kubadilika kabisa, fuata utaratibu wa kisheria wa kubadili jina na urekebishe pasipoti kwanza. Ubalozini utaulizwa swali hilo hilo.

Nyaraka za Kiingereza hazihitaji kutafsiriwa kwa kozi nyingi. Za Kiswahili zinahitaji mtafsiri aliyeapishwa. Skani kwa rangi kutoka nakala halisi, pande zote mbili, PDF moja kwa kila hati. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako na kona iliyokunjika inarudishwa. Chuo kikidai nakala zilizothibitishwa, wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha agonge muhuri na asaini kwenye nakala iliyotolewa kwenye hati halisi. Nakala ya nakala haikubaliki, na muhuri wenyewe usomeke baada ya kuskani.

Kwa Kiingereza, IELTS ya 6.5 inatosha kozi nyingi, na matokeo yake huhesabiwa kwa miaka miwili. Kuna vyuo vinavyokubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, na vingine haviitaki hata kuiona. Usibahatishe hapa. Kama kozi tatu kati ya sita zinadai mtihani, fanya mtihani.

uni-assist na VPD

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu njia ziko tatu. Vyuo vingine unaomba moja kwa moja kwenye tovuti yao. Vingine unaomba kupitia uni-assist, taasisi ya Berlin inayokagua vyeti vya nje kwa niaba ya vyuo vingi. Na vingine, München ya Ufundi ikiwemo, vinataka uni-assist wakupe VPD, karatasi inayosema kama cheti chako kinakuruhusu kusoma na alama yako ni ngapi kwa mfumo wa Kijerumani, halafu wewe uipeleke chuoni kwa njia yao wenyewe. Anayeomba VPD kisha akakaa kusubiri jibu la chuo hatalipata, kwani hajaomba kozi bado.

Ada ya uni-assist ni euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huo huo. Maombi matatu ni euro 135. Hawafungui faili mpaka pesa ifike, na kufika ni kwenye akaunti yao, si kutoka kwenye yako. Ukilipa kwa kadi, hakikisha benki yako imefungua malipo ya mtandaoni ya nje. Ukituma kwa benki, andika namba yako ya mwombaji kwenye maelezo ya malipo, maana pesa isiyo na namba inabaki haina mwenyewe.

Ukaguzi unachukua wiki nne hadi sita. Ukituma wiki nane kabla ya tarehe ya mwisho, barua ya kusema hati fulani imekosekana inakukuta ukiwa na muda wa kuileta. Ukituma siku tatu kabla, barua hiyo hiyo inakuwa ya kukuaga. Ingia kwenye akaunti yako kila baada ya siku mbili tatu, na angalia pia barua pepe za taka.

Waliosomea China, India na Vietnam wanatakiwa kuwa na cheti cha ziada kiitwacho APS. Aliyesomea Tanzania au Kenya hakihitaji. Wakala anayekutoza kwa ajili yake anakuibia.

Barua ya nia na za wadhamini

Kamati inasoma barua nyingi zinazoanza na ndoto ya utotoni. Andika ukurasa mmoja hadi mmoja na nusu. Aya ya kwanza itaje kozi na unachotaka kuifanyia kazi. Ya pili iunganishe masomo uliyosoma, kwa majina yake, na masharti ya kozi. Ya tatu itaje mradi au kazi uliyofanya, kwa vitu vinavyoshikika: ulipima nini, kwa kifaa gani, matokeo yakawaje. Ya nne ionyeshe kwamba umesoma orodha ya masomo yao. Kama kubadilisha jina la chuo kunaifanya barua ifae kwingine kokote, bado haijaandikwa.

Wadhamini wawili, walau mmoja awe mwalimu aliyekufundisha. Barua iwe na nembo ya taasisi, tarehe, sahihi, na anwani ya barua pepe ya taasisi. Mwalimu mwenye shughuli nyingi mpelekee wasifu wako, transkripti na nukta tano za kumkumbusha, wiki nne kabla.

Wasifu uwe wa mfumo wa jedwali, kurasa mbili, miezi na miaka bila mapengo. Ulikaa nyumbani miezi minane ukitafuta kazi? Andika hivyo. Pengo lililoachwa wazi ndilo linalouliza maswali ubalozini.

Pesa

Ubalozi unataka uthibitisho kwamba unaweza kuishi mwaka mzima. Njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti unayoweka pesa yote kabla ya safari na kisha kuruhusiwa kutoa fungu la kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Kiwango hubadilishwa, hivyo kisome tena kwenye ukurasa wa ubalozi wiki unayotuma.

Akaunti hufunguliwa mtandaoni kwa kampuni kama Fintiba au Expatrio. Kutuma pesa ndiko kunakohitaji macho. Benki yako inakata, benki ya katikati inakata, na euro 11,904 zilizotoka Dar es Salaam zinafika 11,870. Cheti kitaonyesha pungufu, na ubalozi hautakubali pungufu. Mwambie karani wa benki kwamba gharama zote zibebwe na mtumaji, chaguo linaloandikwa OUR kwenye fomu ya SWIFT, na ongeza euro 50 hadi 100 juu. Beba barua ya udahili na maelezo ya akaunti, kwa kuwa benki itauliza kiasi hicho kinaenda kufanya nini. Jina la mtumaji likiwa la mjomba, weka na barua yake fupi.

Kuna njia mbili nyingine. Ndugu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha anaweza kusaini Verpflichtungserklärung kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, na hiyo ni dhamana ya kisheria: ukikwama, serikali inamdai yeye. Ya pili ni ufadhili. Ule wa DAAD uitwao EPOS unafaa sana kwa watu wetu, lakini unadai uzoefu wa kazi wa walau miaka miwili baada ya shahada, na shahada isizidi miaka sita. Maombi yake hupelekwa kwenye kozi yenyewe, na kozi nyingi hufunga kati ya Agosti na Oktoba, mwaka mzima kabla ya masomo. Anayeanza kuulizia Januari ameshachelewa.

Usipange kuishi kwa kazi ya kubeba maboksi. Sheria inaruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini ubalozi hauhesabu mshahara usiokuwepo bado.

Viza

Unaomba viza ya kitaifa ya masomo, si ile ya Schengen ya siku 90. Tangu 2025 fomu na nyaraka zinaweza kupakiwa kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, kisha unaitwa kutoa alama za vidole na kuonyesha hati halisi, Dar es Salaam au Nairobi kulingana na unapoishi. Ada ni euro 75, inalipwa kwa fedha ya nchini.

Anza siku unayopata barua ya udahili. Usisubiri Sperrkonto ikamilike ndipo uanze kujaza fomu, vifanye sambamba. Bima ya safari ianzie siku ya kuondoka, maana bima ya wanafunzi inaanza ukishajiandikisha chuoni.

Kwenye mahojiano wanataka kusikia mambo matatu: unajua unachokwenda kusoma, kozi inafuatana na ulichosoma, na pesa ni ya nani. Mhasibu anayeomba uzamili wa kilimo ajiandae kueleza kwa sentensi mbili zinazoeleweka. Jibu la kukariri hujulikana.

Ukikataliwa, jua kwamba tangu 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kumwandikia ubalozi rufaa ya bure umefutwa. Zimebaki njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichotajwa kwenye barua, au kufungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin. Kwa wengi, kuomba upya ndiko kwenye akili.

Ukishapata jibu

Siku hiyo hiyo omba chumba kwenye Studierendenwerk ya mji wako, taasisi yenye mabweni ya bei nafuu, kwa kuwa foleni zao katika miji mikubwa ni za miezi. Usimtumie mwenye nyumba wa mtandaoni amana kabla hujapata mkataba na kuthibitisha nyumba ipo. Matapeli wa vyumba wanawajua wanafunzi wapya.

Bima ya afya ya umma kwa bei ya mwanafunzi ni kwa wenye umri chini ya miaka 30. Aliyevuka atafute mapema bima binafsi au mpango mwingine na auweke kwenye bajeti, kwani bila uthibitisho wa bima chuo hakikuandikishi. Ukishahamia chumbani, sajili anwani kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, ukiwa na pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Karatasi utakayopewa hapo utaihitaji kwenye hatua zinazofuata, ikiwemo kibali cha ukaazi. Pesa ya Sperrkonto huenda isipatikane mara moja, kwa hiyo safiri na euro mia kadhaa za kutumia mwezi wa kwanza, nje ya zile zilizofungiwa.